Nyundo ikigonga, jina bado halijahama

Barua za mwezi huu kutoka Mwanza na visiwani zimeshikana kwenye jambo moja. Kikundi cha Igombe kimezawadiwa jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, la .com na kinataka kulinadi kwa ajili ya hisani. Kikundi chenyewe kimetuandikia, wameandika na wanaotaka kununua, hata mtu ambaye nia yake ni kuuliza tu kama jambo hili ni halali. Jina hatulitaji hapa. Akaunti iliyolishika bado ina nywila moja na haina uthibitisho wa hatua mbili, na kutangaza mali kabla ya kufunga mlango ni kumwita mwizi kwa jina.

Mfadhili anasema tukishauza atamkabidhi mnunuzi mwenyewe. Jina ni neno moja la Kiswahili, herufi sita, amelisajili tangu 2011. Mnada utakuwa kwenye chakula cha usiku hapa mjini na fedha zitanunua jaketi okozi za wavuvi wa dagaa. Tuanzie wapi? (Katibu wa kikundi, Igombe)

Ndugu Katibu, anzeni kwa kulitoa jina mikononi mwa mfadhili. Hatusemi mumshuku. Jina la kikoa halina hati kama ya kiwanja. Anayeweza kuingia kwenye akaunti ya msajili (kampuni inayosajili majina hayo), na ambaye barua pepe yake ndiyo iliyoandikwa kule, ndiye mwenye kauli. Mfadhili akiugua, akidaiwa, au mwanawe akabadili nywila wiki ya mnada, kikundi kitabaki na picha za ukumbini.

Kwanza lichunguzeni jina kwenye lookup.icann.org, tovuti ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya kikoa. Taarifa za majina ya .com sasa hutolewa kwa mfumo wa RDAP; ule wa zamani wa WHOIS uliacha kuwa wa lazima Januari 28, 2025. Someni vitu vitatu: msajili ni nani, usajili unaisha lini, na hali ya jina. Mkiona neno clientTransferProhibited msishtuke, hilo ni kufuli la kawaida na ni zuri. Mkiona clientHold, ulizeni kwa nini kabla ya kuchapa hata kadi moja ya mwaliko, maana jina limezimwa na msajili.

Kisha hesabuni siku kurudi nyuma kutoka tarehe ya mnada. Hapa ndipo wengi hukwama. Jina likihamishwa kutoka msajili mmoja kwenda mwingine, kwa kawaida halihamishiki tena kwa siku 60. Kubadili jina la mmiliki nako huleta kufuli la siku 60, isipokuwa mmiliki wa sasa aombe kabla ya mabadiliko kwamba lisiwekwe, na msajili wake awe anaruhusu. Mkilihamisha wiki mbili kabla ya mnada, mnunuzi atalipa kisha ataambiwa asubiri karibu mwezi mmoja na nusu. Atadhani ametapeliwa, na hatutamlaumu.

Njia nyepesi ni hii: fungueni akaunti ya kikundi kwa msajili yuleyule wa mfadhili, naye alisukume jina kutoka akaunti yake kuingia yenu. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na gharama yake mara nyingi hakuna. Kabla hajabofya, mwandikieni msajili swali moja: je, kusukuma huku kutaweka kufuli la siku 60? Majibu hutofautiana. Yakiwa ndiyo, fanyeni kazi hii siku 75 kabla ya mnada ili mbaki na nafasi ya kuteleza.

Mnapojaza taarifa, kisanduku cha taasisi kiandikwe jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti chenu cha usajili, kwa sababu kikijazwa, taasisi ndiyo huhesabiwa kuwa mwenye jina. Katibu au mwenyekiti aingie kwenye kisanduku cha mtu wa mawasiliano. Barua pepe ya akaunti isiwe ya mtu mmoja, wala, tafadhali sana, isiwe anwani iliyo chini ya jina mnaloliuza. Siku jina likihama, anwani hiyo inakufa, na pamoja nayo njia yenu ya kurudisha nywila. Uthibitisho wa hatua mbili uwekwe kwa programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, maana wezi wa laini hawahitaji simu yako, wanahitaji wakala mzembe tu.

Mwisho, mfadhili asaini barua ya zawadi ya ukurasa mmoja mbele ya mashahidi wawili: jina lenyewe herufi kwa herufi, tarehe, kwamba analitoa bila kulidai tena, na kwamba halidaiwi wala halijawekwa rehani popote. Kama ni mali ya kampuni yake, barua itoke kwa kampuni na iwe na muhuri. Mwenye hisa aliyenuna huibuka baada ya mauzo, haibuki kabla.

Tovuti moja ya kukadiria imesema jina lina thamani ya dola 4,800, nyingine 650. Mjumbe wetu amesoma kuwa majina huuzwa kwa mamilioni ya dola. Tuweke bei gani ya chini? (Mweka hazina, Igombe)

Mjumbe wenu hakudanganya. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, na Insurance.com dola milioni 35.6 mwaka 2010. Lakini hayo ni maneno ya Kiingereza yenye biashara nzito nyuma yake, na mnunuzi alikuwa na fedha na haraka. Neno la Kiswahili lina soko jembamba zaidi. Linaweza kumfaa sana mtu mmoja, na wengine mia wasilitake bure.

Mashine za kukadiria zimelelewa na mauzo ya Kiingereza. Zikikutana na neno la Kiswahili, huliona kama herufi zilizomwagika tu, au hulipandisha kwa sababu linafanana kwa bahati na neno la lugha nyingine. Tofauti yenu ya 650 na 4,800 ndiyo maana yake. Ziacheni. Ingieni NameBio, ghala la mauzo yaliyokwisha kufanyika, mtafute maneno ya Kiswahili yenye urefu unaokaribia la kwenu na mwisho uleule wa .com. Mkipata mauzo matatu au manne mna mahali pa kusimama, ingawa si msumari.

Angalieni pia historia. Wayback Machine huonyesha kurasa zilizowahi kukaa kwenye jina hilo. Kama kati ya 2014 na 2017 liliazimwa kwa kamari au dawa za nguvu za kiume, mitambo ya kutafutia huenda bado haijasahau, na mnunuzi makini ataliona hilo kabla yenu. Semeni wenyewe kwenye maelezo ya mnada.

Kuna mkanganyiko mwingine kwenye neno premiamu, yaani jina la bei ya juu. Jina la .com kama lenu huitwa hivyo kwa sababu ya soko la mitumba, lakini ada ya kulihuisha kila mwaka ni ya kawaida. Kwenye baadhi ya vikoa vipya, rejesta yenyewe, yaani mwendeshaji wa kikoa hicho, ndiyo hulitangaza jina kuwa premiamu, na ada ya kila mwaka inaweza kuwa mamia ya dola bila kukoma. Mtu akiwazawadia jina la namna hiyo siku nyingine, ulizeni ada ya mwaka kabla ya kusema asante.

Bei ya chini iwe kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizoanza kutumika Machi 2025 zinakataza kutaja na kulipa bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na ukumbi wenu uko Mwanza. Kisha hesabuni kinachobaki. Tuseme dau la ushindi ni 6,000,000. Toeni ada ya mtu wa kati (anayeshika fedha hadi jina lihame), makato ya benki, sehemu ya dalali kama hakujitolea, na mwaka mmoja wa kuhuisha jina. Kama kinachobaki kinazidi kidogo tu gharama ya chakula na ukumbi, bei ya chini haijatosha, au chakula kimezidi. Sisi tungepunguza chakula.

Bei hiyo iandikwe kwenye bahasha, isainiwe na watatu, ikae kwa dalali. Ikitangazwa ukumbini, madau hujikusanya pale pale na kugoma kupanda.

Jina letu linafanana na jina la kampuni iliyoko Dar. Kwa kuwa ni hisani, wataweza kutushtaki? (Mjumbe, Igombe)

Hisani si kinga. Kwa .com kuna utaratibu wa UDRP, uliopo tangu 1999, ambao mwenye alama ya biashara huutumia kudai jina bila kwenda mahakamani. Lazima athibitishe mambo matatu yote: jina linafanana na alama yake kiasi cha kuchanganya, aliyelisajili hana haki wala maslahi halali nalo, na lilisajiliwa na kutumiwa kwa nia mbaya. Shauri la jina moja mbele ya mwamuzi mmoja pale WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, humgharimu mlalamikaji dola 1,500, kwa hiyo halifunguliwi kwa hasira za mchana mmoja.

Neno la kawaida la Kiswahili lililosajiliwa kabla kampuni haijazaliwa liko salama kiasi. Angalieni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, alama hiyo ilisajiliwa lini, mlinganishe na 2011. Jambo moja msilifanye kabisa: kuiandikia kampuni hiyo kwamba inunue kabla mshindani wake hajanunua. Barua hiyo ndiyo huwa kielelezo cha nia mbaya. Pelekeni mwaliko uleule mliowapelekea wengine wote, basi.

Mnada wenyewe tuuendesheje? Tuna watu ukumbini na wengine watakuwa kwenye simu, mmoja yuko Kisumu. (Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi)

Mwenyekiti, hatari yenu kubwa ukumbini ni mazoea ya harambee. Watu wetu wamezoea kusimama na kutaja ahadi mbele ya mgeni rasmi, makofi yakapigwa, na ahadi ikabaki ahadi. Dau si ahadi. Mtu aliyepandisha hadi milioni nane ili aonekane anaharibu mnada mzima, kwa sababu aliyekuwa tayari kutoa milioni saba amekwisha kwenda zake nyumbani.

Dawa ni dhamana. Kila anayetaka kupandisha bei ajiandikishe kabla ya chakula, aonyeshe kitambulisho, alipe kiasi kinachouma: asilimia 10 ya bei ya chini ni kiasi kizuri. Apewe kibao chenye namba. Wasioshinda warudishiwe fedha kesho yake kabla ya saa 6 mchana, kwa njia ileile waliyolipia. Asiye na kibao akipaza sauti, dalali amsikie kama mshangiliaji.

Dalali awe na leseni, maana kunadi ni kazi iliyowekewa sheria yake, Sura ya 227. Mshereheshaji hodari wa harusi hatoshi, hata awe na sauti ya kuvuka ziwa. Kuhusu kibali cha kuchangisha, ulizeni mapema kwenye ofisi ya manispaa.

Kabla ya dau la kwanza dalali asome masharti kwa sauti, na alitaje jina herufi moja moja, kisha lionekane kwenye skrini. Masharti yaseme kinachouzwa ni usajili wa jina peke yake. Tovuti, kurasa za mitandao ya kijamii na alama ya biashara havimo. Yaseme pia siku za kulipa, nani analipa ada ya mtu wa kati, na nini kitatokea mshindi asipolipa.

Hatua za kupanda: hadi milioni 2, laki moja moja. Kutoka hapo hadi milioni 10, laki mbili na nusu. Zaidi ya hapo, laki tano. Hatua ndogo mno huchosha ukumbi, na kubwa mno humkata yule mmoja ambaye angeongeza kidogo.

Kwa walio mbali, wekeni msaidizi mmoja kwa kila mtu mmoja, simu masikioni, naye anyanyue kibao kwa niaba yake. Msipokee madau kwenye kundi la WhatsApp. Ujumbe huchelewa, hufika kwa mfululizo usio wake, na nusu saa ya ubishi itafuata. Mnunuzi wa Kisumu aache pia dau lake la juu kwa maandishi kwenye bahasha, litumike simu ikikatika. Dalali atangaze tangu mwanzo kwamba mtandao ukikatika husubiriwa dakika 3, mara moja tu. Jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba mzigo wote, spika, taa na projekta pamoja. Ikiwa inanguruma peke yake nje, hamjajaribu kitu.

Na saa. Mkiandika kwenye mwaliko wa Kiingereza kwamba mnada ni saa 2, mgeni wa mbali atafungua simu saa nane mchana. Andikeni 20:00, saa za Afrika Mashariki.

Dau la mwisho likigongwa, mshindi asaini fomu pale pale mezani, na aliyemfuatia asaini pia kwamba atachukua kwa dau lake la mwisho kama wa kwanza atashindwa. Saini hii ya pili ndiyo husahaulika kuliko zote.

Nikishinda, nalipa kwanza au napokea jina kwanza? Sitaki kuibiwa na wao hawataki kuibiwa. (Mfanyabiashara, Kirumba)

Nyote mna haki ya kuogopa, ndiyo maana kuna mtu wa kati wa amana. Unaweka fedha kwake, yeye anawaambia wauzaji zimefika, wanahamisha jina, unathibitisha umelipokea, naye anawalipa. Escrow.com ni ya zamani kwenye biashara ya majina. Andika anwani yake mwenyewe kwenye kivinjari. Usifuate kiungo ulichotumiwa, kwa sababu tovuti bandia za amana ni nyingi. Kwa kuwa huduma hiyo huendeshwa kwa fedha za kigeni, pande mbili zilizoko Mwanza zitarahisishiwa zaidi na wakili au benki inayoshika amana kwa shilingi.

Wauzaji nao wasipokee kadi. Malipo ya kadi yanaweza kupingwa baada ya wiki kadhaa, wakati jina limekwisha kwenda. Wapokee uhamisho wa benki uliokwisha kuingia, na mweka hazina ameuona kwenye taarifa ya akaunti yenyewe. Picha ya risiti iliyotumwa kwa simu si malipo.

Fedha zikithibitika, kazi huenda hivi. Kama una akaunti kwa msajili yuleyule, wakusukumie tu, mmemaliza. Kama unataka kwa msajili wako, wauzaji wafungue kufuli, wachukue msimbo wa uhamisho na wakupe wewe peke yako, usipite kwenye kundi lolote. Wakiuomba kwa msajili, anatakiwa autoe ndani ya siku 5. Unaingiza msimbo kwa msajili wako, unalipia mwaka mmoja ambao huongezwa kwenye muda uliobaki, na msajili wa zamani ana siku 5 za kupinga au kunyamaza. Wengi huweka kitufe cha kuridhia mara moja. Waambie wauzaji wakibofye.

Kitu kimoja kidogo huleta kilio kikubwa. Kama jina lilikuwa na DNSSEC, yaani saini ya usalama inayothibitisha taarifa za jina, wauzaji waizime siku moja au mbili kabla ya kuhamisha. Ikibaki rekodi ya zamani ya saini hiyo (huitwa DS) huku seva za majina zimebadilika, tovuti yako itafunguka kwa watu wengine na kugoma kwa wengine, kutegemea mtandao wanaotumia, nawe utalaumu kila kitu isipokuwa hicho.

Likifika, weka kufuli, weka uthibitisho wa hatua mbili, lihuishe kwa miaka kadhaa ukitaka (kikomo ni 10), ndipo uthibitishe kwa mtu wa kati kwamba umepokea. Usithibitishe kwa sababu umeona barua pepe ya pongezi. Thibitisha kwa sababu unaliona ndani ya akaunti yako.

Usajili unaisha wiki mbili baada ya mnada. Si mnunuzi atalipia mwenyewe? (Mwanachama, Nansio)

Lipieni leo. Muda ukipita, wasajili wengi hutoa nafasi, lakini ni hiari yao na haizidi siku 45. Baada ya hapo kuna siku 30 za kukomboa kwa ada kubwa, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa ambazo hakuna anayeweza kufanya lolote. Na mkihuisha katika ule muda wa nyongeza halafu jina likahama mara baada ya hapo, mwaka mliolipia unaweza kupotea. Tarehe za mwisho huandikwa kwa saa za UTC, kwa hiyo jina linaloisha 23:59 linaisha kwetu saa 8:59 usiku wa tarehe inayofuata. Msiipigie hesabu saa hiyo.

Nikinunua kwa milioni 6, naweza kuiandika kama msaada ili ipunguze kodi? (Mfanyabiashara yuleyule, Kirumba)

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 huruhusu michango kwa taasisi ya hisani ipunguzwe, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara. Lakini taasisi lazima iwe imetambuliwa na Kamishna wa TRA kwa uamuzi wa maandishi. Cheti cha usajili wa kikundi peke yake hakitoshi. Tena wewe hukutoa bure, umepata jina. Hoja yako, kama ipo, iko kwenye kile ulichozidisha juu ya thamani ya soko, na thamani hiyo utatakiwa kuionyesha. Omba kikundi stakabadhi inayotaja ulichonunua na bei, uende nayo TRA kabla ya kujaza ritani.

Mshindi asipolipa je? (Mweka hazina, Igombe)

Mpeni siku 7 za kazi kwa barua. Zikipita, dhamana yake inabaki kwa kikundi kama masharti yalivyosomwa, na siku ya 8 asubuhi mnampigia aliyesaini wa pili. Ndani ya siku hizo zote jina libaki na kufuli, na msimbo wa uhamisho usiwe umetolewa kwa mtu yeyote, hata kwa mgeni rasmi.